Kutoka shaba hadi Tippu Tip: namna ya kufuata vitabu

Marafiki huniuliza ninasoma nini, na jibu huwachanganya: leo misafara ya pembe za ndovu, juzi ilikuwa uchoraji. Hakuna mpango wa masomo hapo. Ninachofuata ni jina ambalo mwandishi amelitaja haraka haraka na kulipita. Jina la namna hiyo naliandika nyuma ya jalada, pamoja na namba ya ukurasa.

Mfano wa hapa kwetu Lubumbashi. Nilianza na shaba, kama inavyotarajiwa kwa mtu aliyekulia akitazama bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali. Kitabu kilihusu Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji iliyoundwa mwaka 1906, na kimejaa tani na reli. Kwa kweli kinachosha. Lakini aya moja ilieleza misalaba ya shaba iliyokuwa ikitengenezwa Katanga na kuuzwa mbali kabla Mbelgiji hajakanyaga huku, na humo humo likapita jina la Msiri. Tani nikaziacha.

Msiri asili yake ni upande wa Unyamwezi, Tanzania ya leo. Alikuja kwa biashara, akaishia kuitawala Garenganze, dola yake huku Katanga, akiwa katika mji mkuu wake Bunkeya, hadi alipouawa na watu wa msafara wa Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, Desemba 1891. Ukisoma habari zake, swali linakujia lenyewe: shaba, pembe na watumwa aliwauzia akina nani, na vilipita njia gani? Kitabu cha pili kichaguliwe hapo, kwa swali ambalo cha kwanza kimeshindwa kulijibu. Rafu ya maktaba haiwezi kukusaidia, maana inapanga shaba na shaba, biashara na biashara.

Swali langu lilinifikisha kwa Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar wa pembe na watumwa. Huyu alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na maandishi yakachapishwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Anapoeleza alivyompiga chifu Nsama anahesabu mali aliyoteka, frasila kwa frasila (kipimo cha zamani cha uzito), na shaba ya Katanga imo kwenye hesabu hiyo. Sauti haibadiliki, awe anataja pembe au watu. Kwa hiyo usimwamini peke yake. Mtu akikuvutia namna hii, kitabu kinachofuata kiwe cha mtu aliyekuwa na sababu ya kumchukia.

Kisha Kiswahili chake kikanisumbua, maana si hiki cha mitaa yetu ya Kamalondo wala Katuba. Nilipotafuta chetu kimetoka wapi nikakuta historia ya Élisabethville, yaani Lubumbashi ya zamani, iliyoandikwa mwaka 1965 na André Yav kwa niaba ya watumishi wa zamani wa nyumba za Wazungu, kwa Kiswahili cha mji huu. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliitoa tena mwaka 1990 pamoja na tafsiri. Fabian huyo huyo alifanya kazi na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, ambaye katika miaka ya 1970, hapa hapa mjini, alichora historia ya nchi kwa picha zaidi ya 100. Ndiyo maana mtu anaanza na shaba na kuishia kwenye picha.

Jambo linalowakwamisha wengi ni majina. Ukitafuta “Lubumbashi” utapoteza karibu kila kitu kilichoandikwa kabla ya 1966, andika Élisabethville. Likasi ni Jadotville, Kalemie ni Albertville. Mkoa wenyewe wa Katanga uliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997, kwa hiyo vitabu vya wakati wa Mobutu vimejificha chini ya jina hilo. Hata kwa wauza vitabu vya mitumba wanaotandika chini, jina la zamani ndilo linalofanya kazi. “Papa, iko kitabu ingine ya Jadotville?” “Iko, mwana yangu, lakini ganda ilishatoka.” Kisicho na ganda, yaani jalada, nunua, bei inashuka, kagua tu kama kurasa za mwisho zipo, kwa sababu orodha ya vitabu ndiyo unayoifuata. Kitabu kinachotajwa na waandishi watatu wasiopatana, hicho kitafute kwa nguvu. Vingine piga fotokopi sura moja, inatosha.

Sasa naelekea Shinkolobwe, karibu na Likasi, mgodi wa Union Minière ile ile, uliotoa sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima. Njia imeingia kwenye fizikia, na fizikia mimi siijui. Ukifika mahali kama hapo usijitupe kwenye kitabu cha wataalamu; anza na cha shule. Nimeazima cha sekondari kwa binamu yangu, niko kwenye sura ya atomu, na ameshaanza kukidai.