Maziwa ya mnyaa jichoni

SWALI: Shikamoo Bi. Wiki mbili zilizopita mume wangu alikuwa akipogoa ua wa minyaa hapa Mambrui, tone la utomvu likamrukia jicho la kulia. Alijifuta kwa shati, akajimwagia kata moja ya maji, akaendelea na kazi. Jioni lilikuwa likimwasha tu. Usiku wa manane akaamka akilia, hawezi kulifumbua. Mama mkwe akaniambia nimtilie maziwa ya kifua kwa vile nanyonyesha, nikamtilia. Asubuhi tukaenda hospitali, na sasa anaona vizuri. Lakini nusu ya ua bado. Je, nilikosea? Na matone ya dawa ya hospitali yaliyobaki niyaweke?
Mama anyonyeshaye, Mambrui

JIBU: Marahaba mwanangu. Alhamdulillahi anaona.

Mnyaa una hila hiyo. Utomvu huwasha kidogo, mtu akadhani yamekwisha, kumbe unaendelea kuchubua kioo cha jicho. Maumivu makali huja saa kadhaa baadaye. Mimi, muuguzi wa macho wa miaka mingi, yalinipata shambani kwa mama yangu, Mokowe. Nilinawa dakika mbili nikaona zatosha. Nililala naona; alfajiri macho yamevimba, mlango siuoni. Nilikaa siku tisa chumba kikiwa na pazia.

Kwa hiyo kata moja haitoshi. Ni dakika 15 kwa uchache, na nusu saa ni bora. Kwanza anawe mikono kwa sabuni, maana utomvu unanata, na kila akijipangusa anaurudisha. Alaze kichwa upande wa jicho lililoumia, ufunue kope, umwagie kutoka puani kuelekea sikioni, ili uchafu usiingie jicho la pili. Maji safi ya bomba au ya birika. Kisha hospitali siku ile ile, hata kama hasikii maumivu, na mchukue kijiti cha mnyaa ndani ya mfuko. Watamtia dawa ya rangi ya machungwa na kummulika kwa taa ya buluu. Palipochubuka hung'aa kijani.

Maziwa ya kifua uliyatia kwa mapenzi, najua, lakini usirudie. Hayaondoi utomvu, na yanaweza kupeleka vijidudu kwenye kidonda kibichi. Hapo ndipo kovu jeupe huja likakaa mbele ya mboni, na kovu hilo halifutiki kwa matone. Mwambie mama mkwe taratibu, mkiwa wawili.

Matone yaliyobaki tupa. Mengine yana steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, na yakitiwa kwenye kidonda ambacho daktari hajakitazama huweza kukizidisha.

Na huo ua: avae miwani ya kinga ya mafundi seremala, ile inayofunika hadi pembeni, glavu na mikono mirefu. Asimame upepo ukimpiga mgongoni. Dumu la lita 20 la maji safi liwe hapo hapo, si nyumbani. Mtoto akae ndani. Na shati la kazi ulifue peke yake, unawe kwa sabuni, ndipo umshike mtoto umnyonyeshe.