Kutoa makorokoro ghorofani hapa Arusha: gari litafute mwishoni

Mkuu, nimesoma swali lako lote. Kwa wanaoingia sasa hivi: jamaa amepanga ghorofa ya tatu maeneo ya Njiro, mpangaji aliyetangulia kamwachia sofa la kona, friji bovu, magodoro mawili, TV ya kichogo na rundo la vigae vilivyobomolewa bafuni. Meneja wa jengo kampa karatasi ya masharti: mzigo hautoki wikiendi, Canter haiingii ndani ya uzio, kitu hakikai koridoni, na kuna amana ya kuweka kabla ya kugusa chochote. Anauliza atafute gari gani na wapi.

Mimi naishi ghorofani na nawaangalizia ndugu zangu walioko nje nyumba zao za kupangisha, kwa hiyo mpangaji akihama makorokoro yake huwa yananiangukia mimi. Gari ndicho kitu rahisi kuliko vyote. Kirikuu, zile pikapu ndogo, zimejaa mjini, nenda karibu na soko lolote utazikuta zimepangana madereva wanapiga soga. Kinachokula hela na siku yako ni kile kipande cha kutoka mlangoni kwako mpaka getini, na masharti yote uliyopewa yanahusu kipande hicho. Anza hapo, gari utalipata jioni moja kabla.

Mchangiaji mmoja huko juu kakushauri uyatoe usiku uyaweke chini, eti mlinzi atajua pa kuyapeleka. Usifanye hivyo. Mlinzi akishika kitu cha ghorofani bila karatasi, kesho yake ana kesi ya wizi. Na vyombo vya ndani vikionekana barabarani usiku, polisi watasimamisha gari kwanza, maelezo baadaye. Ndiyo maana hata mtu anayehama kihalali anapitia serikali ya mtaa kuchukua barua.

Sasa barua yako ya kumwomba meneja utoe mzigo. Meneja wengi hawaitaki ya mpangaji, wanataka ya mwenye nyumba, na siyo kiburi. Majengo ambayo kila ghorofa ina hati yake yanaendeshwa chini ya sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2008. Wamiliki wana chama chao na kanuni zao, na mwanachama ni mwenye nyumba wako, wewe umepanga tu. Kwa hiyo mpigie yeye kwanza, umwombe aandike mistari michache kwamba vitu vilivyoachwa si mali yake, ameridhia vitolewe, na wewe ndiye msimamizi. Hapo hapo mbane kuhusu gharama. Kama amekukabidhi nyumba ikiwa na makorokoro, sioni kwa nini ulipe peke yako, kodi ya mwezi ujao ina nafasi ya kukatwa kidogo mkielewana. Lakini mwelewane kwa maandishi, hata kwa WhatsApp, kabla hujatoa shilingi.

Kwenye barua hiyo ambatisha orodha ya vitu. Usiandike "samani chakavu". Andika "sofa la kona, kitambaa cha kahawia, limechanika mkono wa kushoto". Andika "friji milango miwili, jeupe, halifanyi kazi". Mlinzi wa getini hajui sofa lako, yeye anasoma karatasi na kuangalia kilichopo kwenye gari, visipolingana gari linarudi ndani. Nimeona kirikuu ikizuiwa kwa sababu ya stuli moja ya jikoni ambayo haikuandikwa. Dereva alizima gari akaanza kuhesabu muda wake wa kusubiri, na stuli yenyewe ilikuwa na miguu mitatu.

Ukishamaliza orodha, piga picha kila kitu utupie kwenye grupu la wakazi: vinatoka Jumatano, anayetaka achukue kabla. Utashangaa. Watu wa ghorofani wanajifanya hawataki vya watu lakini meza na makabati ya plastiki hayalali. Mlinzi naye akitaka godoro mpe, ila mwandikie kikaratasi chenye jina lako, sahihi na tarehe. Kama godoro lina kunguni, sema ukweli, usimpe mtu. Lifunge lote kwa nailoni na selotepu ukiwa bado chumbani, ndipo lipite koridoni. Jirani akianza kujikuna wiki mbili baadaye atakumbuka siku godoro lako lilipoburuzwa mbele ya mlango wake, na safari ijayo kibali hutakipata.

Sofa ndilo kazi. Watu wanapima mlango wakasahau kona ya ngazi. Sofa linaweza kupita mlangoni vizuri kabisa halafu likakwama pale ngazi zinapogeuka, vijana wawili juu, wawili chini, ukuta umeshachubuka rangi na amana yako ndiyo hiyo inaondoka. Mimi sihangaiki nalo, namwita fundi sofa alivue humo humo sebuleni. Anatandika turubai, analigeuza kichwa chini, anang'oa pini za kile kitambaa cheusi cha chini kwa bisibisi bapa. Ndani utakuta vijiko, kalamu, na rimoti ambayo nyumba nzima ililaumiana. Anafungua skrubu za miguu, anatenganisha ile kona (nyingi zimeungwa kwa bolti, hazihitaji msumeno), anachuna kitambaa, anatoa sponji, springi anazikunja. Kilichobaki ni fremu ya mbao anayobeba mtu mmoja begani. Sponji na fremu fundi anavitaka, atavalisha kitambaa kipya amuuzie mwingine, kwa hiyo ufundi wake unaupata kwa bei ya chini, na ukijua kuongea unapata bure. Springi zinaenda kwa wa chuma chakavu. Sharti moja tu: muulize meneja saa za kugonga nyundo, maana majengo mengi yana saa za kelele tofauti na saa za kutoa mzigo.

Friji na TV usivichanganye na vingine. Friji lina gesi kwenye mabomba, na baadhi ya matoleo ya karibuni yanatumia R600a, ambayo inashika moto. Wale vijana wa chuma chakavu wanaokimbilia kukata bomba ili wang'oe kompresa, wasiikatie kwenye korido yako. Mtafute fundi majokofu, wengi wanachukua bovu kwa ajili ya vipuri na wanakuja na usafiri wao. Vua milango, funga rafu kwa kamba, libebwe likiwa wima. TV ya kichogo ni mbaya zaidi: ile kioo yake ina madini ya risasi, ikipasuka ngazini unaokota vipande na kuvuta vumbi lake. Ipeleke kwa fundi TV ikiwa nzima, hata kama atakutaka umpe nauli. Betri za sola au UPS nazo nyingi zina tindikali, zisilazwe ubavu.

Kifusi cha vigae wengi wanakiona taka, kumbe kina wenyewe. Anayejaza kiwanja chake atakipokea mradi kiwe safi, bila nailoni wala mbao. Kipakie kwenye salfeti nusu tu. Salfeti ikijaa vigae haibebeki, na ikichanika ghorofa ya pili utafagia jengo zima. Kama jengo lina lifti, soma kile kibao cha ndani. Kikisema watu 8, kilo 630, maana yake wamempigia kila mtu kilo 75. Vijana wanne wakiingia wameshakula kama kilo 300, zilizobaki ndizo za kifusi. Watu wanaangalia nafasi wanasahau uzito, lifti ikigoma katikati gharama ya fundi wake haifanani na ya kirikuu. Bora vijana wapande kwa ngazi, mzigo ushuke na mtu mmoja. Na kuta za lifti zivishe maboksi yaliyokunjuliwa, chini utandike zulia bovu.

Kabla ya siku yenyewe tembea na msimamizi au mlinzi wa zamu kutoka mlangoni kwako hadi getini, simu mkononi, ukipiga picha kila mchubuko uliopo tayari: ukutani, kingo za ngazi, mlango wa lifti, peva zilizozama pale nje. Zitume kwenye grupu au kwa meneja siku hiyo hiyo ili tarehe ionekane. Bila picha hizo, kila mkwaruzo wa tangu jengo lijengwe utakuwa wako.

Vijana chukua wenye kiongozi mmoja unayemlipa yeye, agawe mwenyewe. Waambie mapema waje na vitambulisho, NIDA au cha mpiga kura, kwa sababu getini vinaandikwa na mara nyingi vinabaki hapo. Elewaneni bei kwa kazi nzima, msielewane kwa tripu, la sivyo utashangaa tripu zinavyozaa. Chagueni katikati ya wiki, waanze saa tatu asubuhi watoto wakiwa shule na magari ya wakazi yametoka, uwanja mweupe. Kirikuu iegeshwe kinyumenyume, mzigo utoke chumbani uingie garini moja kwa moja. Kitu hakikai koridoni kama huanzi kukishusha kabla gari halijafika. Wewe simama juu, mtu wako mwingine asimame chini na orodha, akitia alama.

Sasa mzigo unaenda wapi. Gari la taka la mtaani linabeba taka za ndoo, sofa hawatakuelewa. Vilivyokosa mwenyewe viende dampo la Muriet, na muulize dereva mapema kama malipo ya dampo yamo kwenye bei yake au yatakuja kukuzukia njiani. Dereva akikuambia anajua sehemu ya karibu, hiyo sehemu ya karibu ni korongo au kingo za Mto Naura. Mlipe nusu wakati wa kupakia, nusu akikutumia picha ya gari tupu likiwa dampo. Wapo watakaonuna, waache wanune. Kabla vitu havijatoka kagua droo zote, utoe risiti, bahasha na makaratasi yenye majina, maana rundo likikutwa lilipokatazwa, jina lililomo ndilo linalotafutwa.

Amana idai siku hiyo hiyo. Vijana wakishafagia, mwite meneja mpite naye njia ile ile, akiridhika aandike kwamba hakuna uharibifu. Ukimwacha mpaka wiki ijayo, mwenzako mwingine atakuwa ameshaburuza kabati pale.

Nimeona unasema unataka kumaliza ndani ya mwezi huu. Kama mvua za masika zimeshaanza kwako huko, magodoro yatangulie siku ya jua, likilowa halibebeki na hakuna atakayelitaka. Pima upana na urefu wa geti uniambie, halafu nitafute pembeni nikupe namba ya fundi sofa. Ya dereva siwezi kukupa leo, amepandisha mzigo Karatu.