Umepiga ndege au umempiga picha?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi niko Bagamoyo, wikiendi huwa nachukua kamera naenda kwenye mabwawa ya chumvi kule Nunge kuangalia ndege wa pwani, sululu, vitwitwi, yangeyange, kujifurahisha tu sio kazi. Juzi nikaweka stetasi nimeandika "leo nimepiga ndege kibao, vitwitwi vimejaa bwawa zima". Shangazi akanipigia simu anafoka eti naua viumbe wa Mungu, afu rafiki yangu mmoja akaniambia hata hiyo "vimejaa" nimechemsha. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Wote wawili, ila tuanze na shangazi maana yake ndiyo nzito.

Hili neno piga peke yake halina kazi nyingine zaidi ya kipigo, maana zote zingine linaazima kwa neno linalolifuata: piga pasi, piga deki, piga mswaki, piga hodi, piga mbizi. Sasa wewe ukiitoa "picha" ukabakiza "nimepiga ndege" kinachobaki ni manati. Na huwezi kumlaumu mtu, pwani nzima hii watoto wamekua wakipiga ndege kwa manati, ndiyo maana ya kwanza inayomjia mtu kichwani hata kabla hajaona kama umeshika kamera au jiwe.

Utaniambia mbona harusini watu wanamwambia mpiga picha "hebu nipige na mimi" na hakuna anayekimbia. Kweli, ila pale kamera iko machoni pa kila mtu, na hakuna desturi ya kuwinda bi harusi. Kwenye maandishi kamera haionekani, kwa hiyo lazima neno picha liwepo. Sema "nimempiga picha sululu" au "nimempiga sululu picha", zote sawa, na wakiwa wengi "nimewapiga picha". Hiyo -m- na -wa- msiidharau, ndiyo inaonyesha ulikuwa naye pale bwawani uso kwa uso. "Nimepiga picha ya sululu" nayo ni sahihi lakini imelegea kidogo, hata aliyepiga picha ya ukurasa wa kitabu chenye sululu anaweza kuisema.

Wapo wanaokwepa wakasema "nimemnasa". Mimi siipendi sana kwa ndege, kwetu kunasa ndege ni kwa ulimbo, utakuwa umetoka kwenye manati umeingia kwenye mtego. Kwa mwizi aliyeonekana kwenye kamera sawa, anaswe tu.

Kuhusu "vimejaa", rafiki yako yuko sahihi. Kitwitwi ana ki- mbele ila ni kiumbe hai, anafuata njia ile ile ya kiboko na kifaru na kijana: kitwitwi huyu ameruka, vitwitwi hawa wameruka, kitwitwi mdogo wala sio kidogo. Kwa hiyo vitwitwi wamejaa bwawa zima. Ukitaka kumdogosha kwa makusudi, labda kwa mapenzi, hapo sema kidege kile kilivyo kidogo mpaka lenzi inakitafuta, hiyo inakubalika maana udogo ndio unaousema.

Na hapo hapo kuna kosa nalisikia kila siku, "ndege zimeruka". Mitaani watu wanasema na wanaelewana sawa, lakini kwenye maandishi ndege zimeruka ni za uwanja wa ndege, wenye mabawa ya manyoya wameruka. Ndiyo maana "picha za ndege" bila kiambishi chochote ni fumbo, ongeza neno moja tu, ndege wale au ndege zile, basi kila mtu anajua unaongelea nini.

Sululu ndiye anayefurahisha zaidi, maana jina hilo ni la ndege na ni la lile jembe la kuchimbia mawe, na ukimwangalia mdomo wake ulivyopinda kwenda chini utaona wamefanana kweli. Ukisema "maji ya bamvua yalipojaa, matope yote yakafunikwa, sululu wakahamia bwawani kusubiri yapwe" tumekuelewa, na nadhani ndiyo saa yako nzuri ya picha kwa sababu wanasimama wamejikusanya. Ukisema "sululu zikahamia bwawani" tutauliza nani kazibeba. Sululu huyu amevunjika mguu, sululu hii imevunjika mpini.

Umiliki ndio una utata kidogo. Wafugaji wengi wanasema ng'ombe zangu, mbuzi zangu, na sioni haja ya kuwasahihisha, ni mazoea ya siku nyingi na lugha imeyapokea. Ila kwa hawa wa bwawani andika "ndege wangu", ukiandika "ndege zangu" watu watadhani una kampuni ya usafiri.