Kelele za mageto Longuo: kabla ya kupiga simu polisi, jua nani ana cha kupoteza

Mkuu mleta uzi, umeleta kero tatu kwa mpigo: sabufa ya chumba cha pili, hosteli ya jirani inayogeuka ukumbi kila bumu (hela ya mkopo wa wanafunzi) likitoka, na grosari iliyofunguliwa nyuma ya nyumba yenu hapo Longuo, Moshi. Wachangiaji wa juu wamekwambia upige 112 au uhamie mtaa wa Shanty Town, kwenye utulivu. Kuhama ni hela. Polisi nao wakija muziki unashuka, wakigeuza gari unapanda. Nasimamia vyumba vya wanafunzi na nakaa vikao vya mtaa upande huu wa hospitali ya KCMC, na kanuni yangu ni moja: usimlalamikie anayepiga kelele, mlalamikie anayepoteza kitu kelele zikiendelea. Mwenye nyumba anapoteza wapangaji, mwenye grosari anapoteza leseni, mwanafunzi anaharibu jina lake chuoni. Kero zako zina wenyewe tofauti, ukizichanganya kwenye barua moja zote zitakwama.

Sabufa kwanza, maana hapo ndipo majirani wanagombana bure. Jirani anakwambia "mbona nimepunguza", na anasema kweli. Kapunguza sauti, besi kaiacha palepale. Sauti nyembamba nyingi inaishia ukutani, ila besi inaingia kwenye tofali, kwenye sakafu, mpaka kwenye chaga za kitanda chako. Sabufa ikikaa sakafuni kwenye kona, kuta mbili na sakafu zinaiongezea besi, na yeye aliyekaa katikati ya chumba wala hasikii ukubwa wake. Mfuate mchana, usimfuate saa saba usiku ukiwa na hasira. Mwambie, "Mdogo wangu, naomba uache muziki kama ulivyokuwa jana, uje usikie ukiwa kwangu." Asimame pale kichwa chako kinapolala, dakika mbili zinatosha.

Kisha msaidie kuipanga. Itoke kwenye kona, ikae angalau nusu mita kutoka ukuta mnaochangia. Chini yake weka kipande cha godoro la sponji cha inchi tatu au nne, juu ya sponji ubao, juu ya ubao sabufa. Kitufe cha besi kirudi robo, spika ndogo zielekee kitanda chake zisielekee mlango. Sponji inapunguza mtetemo unaoingia sakafuni tu. Sauti inayopita hewani inabaki vilevile, kwa hiyo asidhani sasa ana ruhusa ya kufungulia.

Ukiona baada ya hapo bado unasikia hata jirani akiongea na simu, tatizo ni nyumba. Muombe mwenye nyumba fundi apande darini. Nyumba nyingi za vyumba vya kupanga huku, ukuta kati ya chumba na chumba umeishia kwenye silingi. Juu ya hapo, mpaka kwenye bati, ni uwazi mmoja kwa vyumba vyote. Jipsamu ya silingi ni nyepesi, sauti inapanda kwake, inatembea chini ya bati, inashuka kwako. Unaweza kupiga lipu na rangi mpaka uchoke, haitasaidia. Dawa ni kupandisha ukuta ule mpaka karibu na bati. Kwa ukuta wa mita tatu na nusu, uwazi ukiwa wastani wa mita moja kwenda juu, ni tofali za inchi sita kama 35 na mfuko mmoja wa saruji, ukipiga na lipu upande mmoja. Mambo mawili huharibika hapa. Fundi anajengea nyaya za umeme ndani ya tofali bila paipu, na siku ya hitilafu mnabomoa. Au anabana tofali mpaka ziguse bati, halafu bati linalotanuka na jua la Januari linafungua nyufa. Aache nafasi ya vidole viwili, aijaze na povu la kopo linalouzwa maduka ya vifaa vya ujenzi. Mwenye nyumba akilalamika gharama, mwambie alinganishe na kodi ya chumba kikikaa wazi muhula mmoja.

Milango ya chuma inayogongwa usiku ni kazi ndogo: mpira kwenye fremu, grisi kwenye bawaba. Hiyo hata wewe unaiweza.

Hosteli ya jirani. Kuna nyakati nne za mwaka zinazojulikana, na ukizisubiri bila kujiandaa utapigwa kila mara: wanafunzi wapya wanapofika, bumu linapotoka, siku UE (mitihani ya mwisho wa muhula) zinapoisha, na mahafali. Ongeza bathidei, zile za kumwagiana maji saa sita kamili usiku na mayowe juu. Usipoteze nguvu kupinga bathidei yenyewe. Ongea na kiongozi wa hosteli, ihamie saa moja jioni kwenye bomba la nje. Wengi wanakubali kwa sababu nao kesho wana kipindi asubuhi.

Na hili watu hawalioni: wanaoumia zaidi na hosteli yenye fujo ni wanafunzi walio ndani ya hosteli hiyohiyo. Yule wa udaktari anayetoka zamu ya usiku wodini anahitaji usingizi kuliko wewe. Malalamiko yenye saini za wapangaji wanne wa ndani yana uzito kuliko ya majirani ishirini wa nje, kwa sababu mwenye nyumba hawezi kusema "hawa wananionea wivu". Watafute wiki mbili kabla ya UE, hapo wanasaini bila kubembelezwa.

Mwenye nyumba naye mpe njia ya kutekeleza, usimpe lawama tu. Aweke kwenye mkataba muda wa utulivu, mathalani saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, idadi ya wageni kwa chumba, amana ya mwezi mmoja, na ngazi za onyo: la mdomo, la maandishi likisainiwa, kisha notisi. Bila saini ya onyo la pili, notisi itamshinda akipelekwa kwenye usuluhishi. Asithubutu kufunga chumba cha mpangaji kwa kufuli lake au kutupa vitu nje. Hapo mwenye fujo anageuka mlalamikaji, na kesi ya kelele inasahaulika. Ndani ya nyumba achague mpangaji mmoja mtulivu awe kiongozi, ampunguzie kodi kidogo. Anayelipwa hata kidogo hujibu simu usiku.

Kuna wazo la kufunga geti la hosteli saa tano usiku, nalipinga. Binti aliyefungiwa nje saa sita usiku kwenye njia isiyo na taa yuko hatarini kuliko wewe unayekosa usingizi. Mlinzi abaki na daftari, mpangaji aingie saa yoyote, mgeni asiingie baada ya saa nne. Inatosha.

Chuo kinahusika pia, ila kina mipaka. Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi haina cha kufanya na barua inayosema "wanafunzi wenu wanasumbua". Wataje kwa nyumba, tarehe, saa na majina kama unayo kwa uhakika. Usikisie jina, unaweza kumharibia asiyehusika. Njia ya haraka zaidi ni serikali ya wanafunzi na maCR, yaani wawakilishi wa madarasa. Ujumbe wa heshima ukimfikia CR unaingia kwenye kundi la darasa muda huohuo, na mwenye fujo anajua kwamba wenzake wameshajua.

Kila hatua inataka kumbukumbu. Nunua daftari la kawaida, andika siku hiyohiyo. Mfano: "Ijumaa, saa 5:40 usiku hadi 8:15, muziki wenye besi kutoka hosteli ya geti la bluu, madirisha yetu yamefungwa, mtoto ameamka mara mbili, nimempigia kiongozi wa nyumba saa 6:05, hakupokea." Andika uliyosikia na uliyofanya, matusi yaache. Video ichukuliwe ndani kwako, mlango umefungwa, uonyeshe saa. Usirekodi nyuso za mabinti wa watu dirishani, hapo utatafuta kesi nyingine.

Sasa grosari, ambayo ndiyo ngumu, na ndiyo yenye mpini mzuri wa kushika. Kabla ya yote jua iko upande gani wa mpaka. Longuo B na Rau ni kata za Manispaa ya Moshi, ila ukipanda kidogo unaingia Uru, ambako ni Halmashauri ya Wilaya ya Moshi. Barua nyingi hupotea miezi kwa sababu zimepelekwa Manispaa wakati leseni ilitoka Wilayani. Muulize mtendaji wa mtaa, au soma kwenye leseni yenyewe, ambayo inatakiwa iwe imebandikwa ukutani. Hapo utaona jina la mwenye leseni, aina yake na tarehe ya mwisho. Leseni za vileo zinatolewa chini ya Sheria ya Vileo, Sura ya 77, na vipindi vyake kwa desturi huisha Machi 31 na Septemba 30. Kwa hiyo barua yako ifike mwishoni mwa Februari au Agosti, kabla mwenye grosari hajaanza kuzunguka kutafuta saini za kuhuisha. Barua ya Novemba inaishia kwenye faili. Ya Agosti inakaa mezani pamoja na maombi yake.

Iandike kwa Mkurugenzi, kupitia kwa Mtendaji wa Kata, nakala kwa afisa mazingira, afisa biashara na diwani. Ukurasa mmoja. Ambatanisha kurasa za daftari na majina ya kaya zenye namba za nyumba. Vibao vya anwani za makazi vilivyowekwa mwaka 2022 vimerahisisha hapa, taja jina la barabara na namba, usiandike "nyuma ya kwa Mangi". Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe urudi nayo. Bila muhuri huo hujaandika kitu.

Sheria unazoweza kutaja ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni zake za kelele na mitetemo za 2015, ambazo zina viwango tofauti vya mchana na usiku na kwa aina ya eneo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, nayo ina kifungu cha 170 cha kero kwa umma. Taja, usihubiri. Halmashauri ikikaa kimya, NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, wana ofisi ya Kanda ya Kaskazini Arusha, na watataka kuona kwamba ulianzia chini.

Sambamba na barua, mpe mwenye grosari kitu anachoweza kufanya bila kufunga biashara. Spika zitoke barazani ziingie ndani, zielekee ukuta wa ndani, ziwe ndogo kadhaa karibu na meza badala ya moja kubwa inayotupa sauti mbali. Mahali pa wazi, ukiongeza umbali mara mbili sauti hushuka kama desibeli sita, kwa hiyo kuisogeza spika kutoka mita kumi hadi ishirini na dirisha lako ni nafuu ya kweli. Uzio wa mabati usiukubali kama suluhisho, besi inaupita kama haupo. Usishangae pia muziki wa bondeni ukisikika karibu zaidi usiku kuliko jioni: ardhi inapoa, hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu, na sauti iliyokuwa inapotelea angani inapinda kurudi chini.

Aliyependekeza programu ya simu ya kupima desibeli: itumie kulinganisha siku na siku kwa simu ileile, mahali palepale, usiifanye ushahidi mkuu. Kipimo cha kawaida hupunguza uzito wa besi, kwa hiyo sabufa inayokutikisa kitanda inaweza kusoma namba ya upole, na mwenye grosari atakuonyesha namba hiyo hiyo kukukanusha.

Polisi wana kazi yao: ugomvi, vitisho, silaha, bangi inayouzwa getini, binti anayefuatwa njiani. Hapo piga 112 au mpigie polisi kata, na namba yake iwe kwenye simu yako kabla ya siku ya shida. Usiende mwenyewe kumkabili anayeuza. Na tafadhali, mwanafunzi mlevi aliyeruka ukuta wako usimpigie ukunga wa "mwizi". Vijana wa kijiweni wakifika hawatauliza kitambulisho cha chuo. Washa taa, ita mlinzi na majirani kwa majina yao.

Swali la mkesha wa kanisa na spika za msikiti, lililoulizwa katikati ya uzi: usilipeleke kwenye barua ya grosari, utagawa mtaa mara mbili. Nendeni wazee wawili wa mtaa katikati ya wiki, mkamwone mzee wa kanisa au katibu wa msikiti, mkaombe spika ya nje izimwe baada ya saa nne na za ndani ziendelee.