Amri ya kuasili mnayo, uraia wa mtoto bado

Dada yangu wa Mbalizi, Mbeya, umeuliza kama mtoto mliyemuasili wewe na mume wako Mmarekani ameshakuwa raia wa kule, maana Mahakama Kuu imetoa amri na shemeji yako anasema inatosha. Haitoshi. Mimi naishi Iringa, mume wangu naye ni Mmarekani, na binti yetu tulimchukua kituo cha watoto Tukuyu, kwa hiyo haya nimeyapitia.

Amri imewafanya kuwa wazazi, basi. Uraia unafuata sheria ya Marekani ya mwaka 2000, iliyoanza kutumika tarehe 27 Februari 2001. Mtoto anakuwa raia bila kuomba kama, kabla hajatimiza miaka 18, mzazi wake mmoja ni raia, mtoto mwenyewe ameingia kwa ukaazi wa kudumu, na anaishi kule na mzazi huyo anayemlea kisheria. Ninyi mnaishi Mbalizi. Mkimpeleka likizo kumsalimia bibi yake kisha mkarudi, anarudi vilevile alivyokwenda.

Kama mna mpango wa kuhamia, Tanzania haimo kwenye Mkataba wa Hague wa 1993 wa kuasili watoto kati ya nchi na nchi, hivyo njia ya kawaida ni fomu I-600 ya mtoto yatima, na kwa kawaida ijazwe kabla hajatimiza miaka 16. Akipewa viza ya IR-3, ya mtoto ambaye kuasiliwa kwake kumekamilika huku, anakuwa raia pale pale anaporuhusiwa kuingia ili akaishi kule, na cheti cha uraia mnatumiwa. Akipewa IR-4, anapata kwanza grini kadi, shughuli ya kuasili inakamilishwa kule, halafu cheti mnakiomba wenyewe kwa fomu N-600. Kiombeni hata kama ana pasipoti. Pasipoti inaisha muda, cheti hakiishi.

Mkibaki Mbeya, fomu yenu ni N-600K, ya kumwombea uraia mtoto anayeishi nje ya Marekani. Hapo wanaangalia mume wako ameishi Marekani miaka mingapi: isipungue 5 kwa jumla, na 2 kati ya hiyo iwe baada ya kutimiza miaka 14. Ikipungua, miaka ya baba au mama yake inaweza kutumika. Mtoto naye, asipopita njia ya yatima, awe ameasiliwa kabla ya miaka 16 na amekaa mikononi mwenu miaka 2. Anaingia kihalali, hata kwa viza ya matembezi, mnaitwa kwenye usaili kule, na kila kitu kiwe kimekwisha kabla ya siku anayotimiza 18. Kuwa na ombi mezani siku hiyo hakumsaidii.

Usione nakutisha. Adam Crapser alipelekwa Marekani kutoka Korea Kusini mwaka 1979 akiwa na miaka 3, na waliomlea hawakumkamilishia uraia. Sheria ya 2000 ilimkuta ameshapita 18. Alipokuja kuwa na makosa ya jinai, mwaka 2016 wakamrudisha Korea, mtu mzima mwenye watoto wake, kwenye nchi ambayo hata lugha yake haijui. Mimi hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu ni karatasi tu iliyokosekana.

Sasa majina, na hapa naomba unisikilize sana. Cheti cha kuzaliwa cha binti yetu kilisema Tumpe, barua ya ofisi moja ikasema Tumpale. Kwa Mnyakyusa hayo ni majina mawili ya watu wawili, na kwa afisa wa viza pia. Tulirudishwa kutafuta hati ya kiapo kwa wakili. Baada ya hapo rasimu ya amri niliisoma kwa penseli, herufi kwa herufi, pale pale koridoni kabla haijagongwa mhuri. Fanya hivyo kwa kila karatasi, na amri ikishatoka hakikisheni imeingia RITA, wakala wa serikali wa usajili, kwenye daftari la watoto walioasiliwa.

Na mjue Sheria yetu ya Uraia ya 1995 hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Akifika 18 atatakiwa kuchagua, na mazungumzo hayo yaanzeni mapema, naye akiwepo.

Niambie mtoto ana umri gani, na mume wako aliondoka kwao akiwa na miaka mingapi. Nikijua hayo nitakwambia muanze na fomu ipi.