Koili ikipata moto, nguvu zako zimeishia ndani ya boksi

Mwaka wangu wa kwanza hewani na redio ya ridhaa hapa Mombasa, nilikuwa naita kwa wati 100 kwenye mkanda wa mita 40 (karibu megahezi 7) karibu kila usiku. Stesheni za Ulaya nilizisikia vizuri, ila hazikunijibu. Sindano ya SWR, kipimo cha nguvu zinazorudi badala ya kwenda antena, ilisoma 1:1, yaani hakuna zinazorudi, kwa hiyo nikailaumu anga. Usiku mmoja nikazima redio na kufungua tyuna ya antena, boksi linalolinganisha antena na redio. Koili yake, waya uliozungushwa, ilikuwa ya moto, na plastiki inayoishikilia imeanza kulegea.

Tyuna nyingi za dukani zina umbo la T: kapasita mbili za kuzungusha (mabamba ya chuma yasiyogusana) zimefuatana kwenye njia ya kwenda antena, na katikati yake koili inashuka ardhini. Umbo hili hukubaliana na karibu antena yoyote, na mtego uko hapohapo. Mipangilio kadhaa inaweza kukupa 1:1 ileile huku mmoja ukila nguvu nyingi kuliko mwingine. Koili ikizidi inayohitajika, mkondo mkubwa huzunguka ndani yake na kugeuka joto. Mimi nilikuwa nazungusha vitasa mpaka sindano ilale, basi.

Sasa naanza kwa nguvu ndogo, kapasita zote mbili zikiwa kwenye thamani ya juu kabisa. (Soma maelekezo ya tyuna yako, kwenye baadhi, sifuri ya kitasa ndiyo thamani ya juu.) Nazungusha koili peke yake mpaka sindano ishuke, kisha napunguza kapasita kidogokidogo. Natafuta koili ndogo kabisa itakayolingana.

Kama unatumia mkanda mmoja tu, achana na T ujitengenezee umbo la L, koili moja na kapasita moja. Chukua antena yenye upinzani wa omu 200 na redio ya omu 50. Gawanya 200 kwa 50, toa 1, tafuta kipeuo cha pili: 1.732. Zidisha kwa 50 upate omu 86.6 za koili, upande wa redio. Gawanya 200 kwa 1.732 upate omu 115.5 za kapasita, inayokwenda ardhini upande wa antena. Kwenye megahezi 7.1 hiyo ni mikrohenri 1.94 na pikofaradi 194. Kapasita ya hewa ya redio kuukuu hufika hapo, na fundi redio wa mtaani huenda anayo kwenye kopo. Wati 100 kwenye omu 200 ni volti 141 tu. Lakini antena ya urefu wa nusu wimbi inayolishwa mwishoni, yenye omu kama 2500, hufika volti 500. Hapo mabamba ya kapasita yaliyokaribiana hutoa cheche.

Umbo langu la L nimelifunga chini ya antena, kwenye mnazi, ndani ya boksi lisilopitisha hewa ya chumvi. Tyuna ikikaa mezani, waya wa koaksia (kebo ya duara kama ya antena ya TV) unaoelekea antena unabaki na SWR yake mbaya na unaendelea kupoteza nguvu.

Na kabla ya kuilaumu anga, sikiliza megahezi 14.100. Stesheni 18 za mtandao wa NCDXF, zinazorusha ishara za kupimia njia za mawimbi, hupokezana hapo, kila moja sekunde 10, mzunguko mzima dakika 3. 5Z4B ya Kenya ni mojawapo. Kila moja huanza na wati 100, ikashuka hadi 10, 1 na 0.1. Ukiisikia OH2B ya Finland hadi kwenye wati 1, njia ya kwenda Ulaya iko wazi kwenye mkanda huo. Rudi ukaguse koili, redio ikiwa imezimwa.