Kidonge cha kutibu maji na tope la masika

SWALI: Shikamoo daktari. Tunaishi Igombe na maji ya kunywa tunachota ziwani. Kwenye ndoo ya lita 20 ninatia kidonge kimoja cha klorini cha miligramu 67, kama pakiti inavyoelekeza, na kiangazi chote hatupati shida. Masika yakianza maji hubadilika rangi yakawa kama chai ya maziwa, na watoto huharisha ingawa kidonge sijaacha kutia. Je, dawa imekwisha nguvu, au niongeze vidonge?

JIBU: Marahaba, mama. Ikiwa kidonge hakijapita tarehe ya mwisho ya matumizi na kifungashio chake hakikuwa kimepasuka, dawa bado ina nguvu. Kilichobadilika ni maji. Klorini haichagui cha kushambulia. Ikikuta udongo, majani yaliyooza na kinyesi kilichosombwa na mvua, hutumika kwa uchafu huo wote na huweza kwisha kabla haijavimaliza vimelea vya maradhi, hasa vile vilivyojificha ndani ya chembe za tope. Hapa Mwanza jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa nyumba nyingi zimejengwa juu ya miamba ambako shimo la choo haliwezi kuchimbwa kwenda chini, na mvua kubwa ikinyesha uchafu huteremka kwa mifereji na kwa mito kama Mirongo mpaka ziwani.

Kwa hiyo usianze kwa kuongeza vidonge. Anza kwa kuondoa tope. Acha maji yatulie kwenye ndoo iliyofunikwa, ikiwezekana usiku kucha, kisha yamimine polepole kwenye ndoo nyingine kupitia kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne, ukiacha masimbi yabaki chini. Baadhi ya akina mama hutumia mbegu za mlonge zilizotwangwa, nazo kweli hukusanya tope, lakini haziui vimelea vyote, hivyo maji hayo bado yanahitaji kutibiwa.

Sasa yapime. Jaza chupa ya plastiki isiyo na rangi ya lita moja na nusu, isimamishe juu ya gazeti, kisha chungulia kutoka mdomoni mwa chupa kuelekea chini. Kama herufi kubwa za kichwa cha habari hazisomeki, usitegemee kidonge: chemsha maji hayo mpaka yatokote kwa nguvu, yaache kwa dakika moja, halafu yapoe yakiwa yamefunikwa. Kama herufi zinasomeka lakini maji bado yana ukungu, hapo ndipo vidonge viwili kwa lita 20 vinapofaa. Yakiwa maangavu kabisa, kimoja kinatosha. Subiri nusu saa, kisha nusa. Harufu hafifu ya dawa ni dalili njema, kwa maana klorini imebaki ya kulinda maji. Usipoisikia kabisa, imekwisha yote, na ni salama zaidi kuyachemsha.

Ningependa pia uangalie namna watoto wanavyoyateka maji hayo, kwa sababu kikombe kinachotumbukizwa kwa mkono ambao haukunawiwa huyachafua upya. Ndoo yenye koki na kifuniko ndiyo bora. Kama huna, tumia dumu lenye mdomo mwembamba, ambamo mkono hauingii.

Mtoto akiharisha hata baada ya hayo, mpe dawa ya kuongeza maji mwilini, ile ya ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji salama, kidogo kidogo kila anapoharisha; anayenyonya aendelee kunyonya. Uliza pia zahanati vidonge vya zinki, ambavyo hutolewa kwa siku 10 hadi 14. Lakini kinyesi kikiwa cha majimaji meupe kama maji ya mchele, au macho yakididimia na mtoto akalegea, usikae nyumbani kuangalia hali: mpeleke kituo cha afya mara moja, na kama bado anaweza kunywa, endelea kumpa ORS mkiwa njiani.